Mwalimu wa Kwaya na Jina Lililowashinda Watu

Katika Rubondo yote, sehemu ile ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale niliyokulia, hakuna aliyeweza kulitamka jina la Mwalimu wa Kwaya. Wanyankole, wenyeji waliotuuzia ndizi, lilikuwa limewashinda, wafanyakazi wa misaada lilikuwa limewashinda, na sisi Wakongo wenzake wa Kivu ya Kusini, ambao tulipaswa kuona aibu, lilitushinda vilevile. Lilikuwa jina refu la watu wachache wa milimani, lenye kupanda na kushuka katikati, na mahali fulani ulitakiwa kuikata pumzi halafu kuiachia puani. Tukamwita Mwalimu, yakaisha. Jina lenyewe nalijua, na siku hizi nalitamka bila kukwama, lakini sitaliandika hapa. Baada ya yote yaliyompata, naona si kazi yangu kulitangaza.

Yeye hakuridhika na hilo la Mwalimu. Ukimwita hivyo aliitika, ila kwa uso wa mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Mgeni akijaribu jina kamili na kulivuruga, alimkatisha hapohapo, akalisema taratibu, akamtaka alirudie mbele za watu. Nimeona mchungaji mzima amesimamishwa mlangoni mwa kanisa, Biblia kwapani, akifundishwa jina kama mtoto wa darasa la kwanza, na waumini tunangoja juani. Mchungaji hakuliweza. Mwalimu akatikisa kichwa, akaingia ndani, na ibada ikaanza watu wakiwa wamenuniana.

Sasa huyohuyo, hakuwahi kumwita mtu kwa jina lake. Sisi wanakwaya alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Alto. Rafiki yangu aliitwa Soprano, na kijana mmoja ambaye hakuimba noti hata moja sawasawa, lakini alibeba ngoma bila kulalamika, aliitwa Beba mpaka alipooa. Mimi mwenyewe niliolewa, nikazaa, watu wote wakaanza kuniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Kwake nikabaki Alto. Siku moja nilimuuliza kwa hasira kwa nini anadai jina lake litamkwe kama sala, na ya wenzake anayatupa. Akasema majina yetu hayana kazi, kwa kuwa sisi tuko hapa, tunaonekana. Nilidhani ni majivuno. Nilimsengenya kwa mama yangu mpaka mama akanikanya.

Niliingia kwaya nikiwa bado msichana, miaka michache baada ya kukimbia vita vya tisini na sita. Mazoezi yalifanyika chini ya turubai, na solfa, zile do-re-mi za wimbo, aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo wa kanisa. Wazee wa kanisa walifuta, yeye aliandika tena. Hakujua kusifu. Tukiimba vibaya alituambia tumeimba vibaya. Tukiimba vizuri alitazama pembeni na kusema tuanze mwingine. Wapo waliotoka wakilia. Mimi sikulia kwa sababu nilikuwa mkaidi, na nadhani ndiyo maana alinipenda, kama aliwahi kupenda mtu yeyote kati yetu.

Gitaa lake alilitengeneza mwenyewe. Mwili ulikuwa kopo la mafuta ya msaada, shingo ubao, na nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Mwenye baiskeli ambaye breki zake zilitoweka ghafla alijua pa kwenda kuuliza. Lile gitaa lilikuwa na sauti mbaya, tuseme ukweli, sauti ya mbuzi aliyefungwa mbali na majani. Lakini akilishika yeye, wanawake waliokuwa wakigombana kwenye bomba la maji walisahau ugomvi wao.

Alipiga kwenye misiba yote, hata ya watu asiowajua. Kwenye harusi alikuwa na mambo yake. Alipiga vizuri, watu wakacheza, vumbi likatimka, mpaka ifike zamu ya baba wa bibi harusi kusimama na kumshika binti yake mkono. Hapo Mwalimu aliliweka gitaa chini na kutoka nje. Wimbo ulikatika katikati, wenye harusi wakabaki wanatazamana. Akirudi hakueleza kitu. Watu walisema ana kiburi, na wapo walioacha kumwalika kabisa.

Sababu niliijua siku mwanangu alipopotea. Ilikuwa siku ya kugawa posho, watu wamejaa kama siafu, na mtoto wangu wa miaka mitatu akaniponyoka mkononi. Nilizunguka nikipiga kelele, kanga imenianguka, sina habari. Mwalimu alikuja mbio, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akanishika mabega yote mawili.

"Ule mutoto anajua jina ya baba yake yote?"

Nikamwambia anajua kusema baba tu.

"Umufundishe," akasema. "Tukimupata, umufundishe leo. Usingoje kesho."

Tulimpata kabla jua halijazama, amekaa kwa mama mmoja Mrundi anakula muhogo. Mwalimu alitusindikiza nyumbani, akakaa kwenye kigoda changu, na bila kuulizwa akaanza kusema. Mkewe alikuwa amefariki mapema, na alibaki na binti mmoja wa miaka saba. Siku ya kukimbia, barabara ikiwa imejaa watu na magodoro, alikumbuka gitaa la kwaya. Halikuwa hili la kopo. Lilikuwa gitaa la kweli lililonunuliwa kwa sadaka za kanisa, na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kwaya zetu ataelewa: chombo cha kanisa hukiachi nyuma, unaweza kuacha sufuria zako. Akamwambia binti akae pale pale na majirani. Akamwambia, mtu akiuliza wewe ni wa nani, useme jina langu. Binti akalisema lote, kupanda na kushuka kwake, pumzi yake ya puani, bila kosa. Baba akaridhika, akarudi kuchukua gitaa.

Aliporudi barabarani, majirani hawakuwapo, na mtoto hakuwapo. Gitaa lenyewe lilichukuliwa na wenye silaha siku chache baadaye.

Ndipo nikaelewa ukali wake wote. Binti alikuwa mdogo kiasi cha kusahau kijiji, kusahau sura, hata kupewa jina jingine na waliomlea. Kitu alichobeba kilikuwa jina la baba. Likitamkwa sawasawa mahali atakapolisikia, atageuka. Likitamkwa ovyo, litampita. Huyu mtu alikuwa ametundika maisha yake yote kwenye jina ambalo hakuna mdomo uliolimudu, na sisi tulikuwa tunamcheka.

Wapiga muziki wa dunia kwetu Kongo wana desturi ya kutaja majina ya watu katikati ya wimbo. Wanaiita libanga. Tajiri anatoa kitu, mwimbaji anamtaja kati ya ubeti na ubeti, na mji mzima unamjua. Mwalimu aliichukua desturi hiyo ya baa akaiingiza kanisani. Katikati ya wimbo gitaa lilishuka chini kabisa, sauti zikawa mvumo tu, na mmoja wetu akaanza kuita majina ya waliopotea. Familia zilituletea majina ya watu wao, na Mwalimu aliyafanyia mazoezi moja moja mpaka yakatoka kama walivyoyatamka wenyewe nyumbani. Kanisa lilijaa kilio. Watu wa madhehebu mengine walikuja kusikia.

Wazee wa kanisa waliitwa kikaoni. Wengine walisema ni uchafu wa baa, wengine walisema ni sala. Mwishoni walikubali kwa sharti moja: mwenye kupiga na wenye kuimba wasitajwe, maana utukufu ni wa Mungu. Mwalimu alisimama akaeleza habari ya binti yake. Wakamhurumia, wakamruhusu kumtaja binti, lakini jina la baba wakalikataa kabisa. La binti lilikuwa jina la kawaida ambalo nusu ya wasichana wa Kivu wanalo. Tuliliita kila Jumapili. Kila tulipoliita, alikaza macho kwenye nyuzi na kuendelea kupiga, na mimi nilimwonea uchungu hata noti ikanipotea.

Ikabaki redio. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Mbarara na mume wangu, nina kibanda cha kushona karibu na soko. Redio moja ya mjini ilikuwa na saa moja ya Kiswahili kila Jumamosi, kwa ajili ya wanajeshi wa kambi ya jeshi ya pale mjini na sisi wakimbizi, na ndani yake walisoma matangazo ya watu wanaotafutana. Kuingia ndani na kujisemea hakukuruhusiwa. Tangazo uliliandika, ukaliacha dirishani. Mwalimu aliuza mahindi yake, akapanda gari, akaacha tangazo, akaja kukaa kibandani kwangu kusikiliza. Mtangazaji alikuwa kijana wa hapahapa, mchangamfu. Alifika kwenye jina akakwama, akajaribu tena, akacheka, akasema basi, ni mzee mmoja mwanamuziki kutoka Nakivale, anamtafuta binti yake.

Mwalimu alikunywa maji, akaaga. Wiki chache baadaye alirudi na tangazo lingine, na mambo yakawa yaleyale. Watangazaji walibadilika miaka ikipita, kila mmoja na njia yake ya kuliua lile jina: mmoja alilikata nusu, mwingine aliliruka, mmoja alimwita Mzee Jina Gumu, na studio nzima ikacheka hewani. Nilimwomba aache. Alisema atakuja hata akitambaa.

Huzuni yake haikumwondolea matumaini, na hilo ndilo jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Kila akirudi kwenye gari alikuwa na hasira yenye nguvu. Aliwalaani watangazaji njiani mpaka Isingiro, karibu kufika kambini. Alisema siku atakapopatikana mtu mmoja mwenye ulimi wa kibinadamu, mtoto atakuja.

Huyo mtu alipatikana kibandani kwangu. Alikuwa mwanajeshi wa bendi ya pale Mbarara, mpiga tarumbeta, ameleta koti la bendi nimshonee vifungo. Alitoka mbali sana kaskazini, na jina lake nalo lilikuwa limewashinda wakubwa wake, kwa hiyo jeshi zima lilimwita Tarumbeta. Sisi tulimwita Afande. Alikuwa ndiyo kwanza amepewa kutangaza ile saa ya Kiswahili ya Jumamosi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kona, ametoka kuacha tangazo. Nikawatambulisha.

"Mzee, hiyo jina yako mimi nasikianga kwa redio, wanaichekelea," Afande akasema. "Yangu pia wanachekelea. Sasa wewe sema polepole, mimi nashika."

Mwalimu akalisema. Afande akajaribu, akakosea. Nilitegemea Mwalimu awake, lakini alichukua gitaa lake la kopo na kulipiga jina lile, sauti ya juu, ya chini, ya juu tena. Afande akafikiri kidogo, akatoa tarumbeta kwenye mfuko na kulirudia kwa tarumbeta, taratibu, pale pale sokoni, wauza nyanya wakigeuka kutazama. Walifanya hivyo mchana kutwa. Mmoja anapiga, mwingine anajibu. Kisha Afande akaweka tarumbeta chini na kulisema kwa mdomo, na lilitoka zima, hata ile pumzi ya puani. Mwalimu aliinama akashika magoti yake. Nilidhani anaumwa, kumbe analia.

Jumamosi ile tulisikiliza pamoja. Afande alisoma tangazo, akafika kwenye jina, akalitamka kana kwamba alizaliwa nalo. Alilirudia tena, na mwisho wa kipindi akalisema kwa mara nyingine bila kuombwa. Mwalimu alinishika mkono. Alisema nimwambie mume wangu asizime simu, maana namba iliyotajwa ilikuwa ya kwetu.

Afande hakuishia Jumamosi moja. Aliligeuza tangazo lile kuwa sehemu ya kipindi, kila juma, kabla hata ya taarifa za soko. Mawimbi ya redio ile yanavuka mto wa mpakani. Wafanyabiashara wa Kikagate, upande wetu wa mto, walisema wanaisikia hadi ng'ambo, Tanzania, na wapo waliorekodi kipindi kwenye simu wakakipeleka mbali zaidi, kwenye kambi za huko, hadi Kongo kwenyewe. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Simu zilikuja. Mama Furaha, jirani yetu wa Rubondo aliyekuwa amekata tamaa kabisa, alimpata kaka yake. Kaka huyo alisikia jina la baba yao likisomwa, akapiga kutoka Tanzania, na miezi michache baadaye nilimwona kwa macho yangu ameketi mbele ya nyumba ya dada yake anamenya maharage. Kwaya iliimba. Mwalimu alipiga gitaa siku hiyo mpaka mwisho, akamkumbatia yule kaka, akanywa soda yake, akaenda nyumbani.

Simu ya Mwalimu haikuja.

Nilianza kuona anabadilika. Alikuja mjini mara chache, baadaye akaacha kuja. Mazoezini hakugomba tena. Soprano aliniambia kwamba siku moja waliimba ovyo kabisa, kila mtu na lake, na Mwalimu akasema vizuri, twende nyumbani. Hapo nikaogopa kweli.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, msimu wa kiangazi, nilikwenda Rubondo kumwona mama. Nikapita kwake. Alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, viatu havina kamba. Alinikaribisha, akanipa kiti, akauliza habari za watoto. Nikamwambia Afande anamsalimu, na kwamba amesema hatachoka, atalisoma jina mpaka siku atakayostaafu. Nilidhani nampelekea furaha.

Akatazama mikono yake. "Alto, uende kwa ule askari. Umwambie aache."

Nikamuuliza kwa nini, na Afande analisema vizuri hivyo.

"Njo vile. Anaisema muzuri kunishinda hata miye. Mbele nilikuwa najua juu ya nini haji. Batu balikuwa banaharibu jina, haimufikie. Nilikuwa na batu ba kukasirikia." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Sasa jina inafika fasi yote. Kama mutoto iko muzima, anaisikia. Anaisikia na anakataa kuja, juu nilimuachaka kwa barabara nikaenda kutafuta gitaa. Ao alishakufaka. Nichague gani, Alto? Kila Jumamosi ule askari akiisema, mutoto ananikataa tena."

Nilijaribu kusema kwamba huenda yuko mahali pasipo na redio, kwamba dunia ni kubwa. Maneno yalinitoka mabovu, na yeye aliyasikiliza kwa heshima kama mtu anayemsikiliza mgeni. Nilitoka pale moyo umenipasuka. Njia nzima hadi Mbarara nililia ndani ya gari, abiria wakadhani nimefiwa.

Nilimpelekea Afande ujumbe. Alivua kofia, akauliza kama ni kweli mzee mwenyewe amesema. Nikamwambia ni kweli. Hakubisha. Jumamosi iliyofuata nilifungua redio kibandani. Alisoma matangazo ya watu wengine wote, na alipofika pale tulipozoea jina la Mwalimu, akapita moja kwa moja kwenye bei za soko. Nilizima. Nilishona mshono wa shati la mtu upande usiofaa, ikabidi nifumue.

Jioni simu ikalia. Ilikuwa namba ya Beba, lakini sauti ilikuwa ya Mwalimu.

"Alto, leo hakuisema."

Nikamwambia, lakini Mwalimu, si wewe ndiye uliyenituma nimwambie aache.

"Najua," akasema. Nilisikia pumzi yake. Nyuma yake redio ilikuwa bado inaongea. "Na Jumamosi yenye inakuya? Ataisema?"

Nikamwambia atalisema.